Kipaza Sauti Hakina Bega

Bega langu la kulia huchelewa kulala.
Saa nane za usiku nalisikia linanong'ona
kama bawaba iliyoliwa na chumvi:
mipira elfu kumi na tisa, nilihesabu mwenyewe,
kabla daktari wa Bombo hajainua picha kwenye mwanga
akasema, "Hapa, kijana, pamekwisha."

Sasa nafanya kazi kwa kukaa.
Chumba juu ya duka la spea, Barabara ya Kumi na Tatu,
kuta zimevikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi,
feni imezimwa maana hunguruma hewani.
Jasho ni lile lile,
ila halipigiwi makofi.

Wiki ya kwanza nilitangaza kandanda kama mgeni msibani.
Nilinyamaza.
Kwenye mchezo wangu ukimya una kazi:
mrushaji anarudi mwanzo wa mbio zake,
anaupangusa mpira pajani,
uwanja mzima unabana pumzi.
Sauda, fundi mitambo, akagonga kioo:
"Semndolwa! Redio ikinyamaza
watu hudhani umeme umekatika!"

Basi nikajifunza kumwaga maneno,
kuvuta "gooooli" mpaka mishipa ya shingo isimame,
kupenyeza tangazo la saruji kabla kona haijapigwa.
Mtaani wakiniuliza zamani nilikuwa nani
nawajibu, kriketi, misimu minne ya mshahara Nairobi.
"Ahaa. Ule mchezo wa kusimama kunywa chai."
Nacheka nao. Chai tulikunywa kweli.

Kisha Jumamosi moja ya Agosti
basi la timu ngeni likaharibikia Segera.
Saa mbili za hewani, tupu.
Uwanjani wasichana wa sekondari
walikuwa wamevaa pedi zinazowapita magoti,
wakicheza na wenzao wa Moshi.
Sauda akanipa simu. "Kaa kivulini, useme."

Nikafungua kinywa, maneno hayakuwamo.
Miaka kumi na minne nilicheza kwa lugha ya makocha.
Vile vijiti vitatu, nikaviita mafiga,
kwa kuwa ni vitatu
na kikianguka kimoja hakuna anayekula.
Aliyechutama nyuma yake nikamwita mwenye jiko.
Mpira unaodunda ukapinda nikauita mdeni:
anakuja kwako moja kwa moja,
akikuona anakata kona.
Na binti wa Moshi aliyetoka kwa mpira wa kwanza,
gongo bado halijapata joto la mikono,
nilimsindikiza kwa salamu yetu wenyewe:
"Waja leo, waondoka leo!"
Naambiwa vijiwe vya kahawa
kuanzia Makorora hadi Chumbageni
vilimwaga kahawa.

Jioni zikabaki mbio sita na mpira mmoja.
Zaituna Mwakidudu, mkono wa kushoto, miaka kumi na mitano.
Nikasema: anarudi mwanzo wa mbio zake.
Nikasema: anaupangusa mpira pajani,
upande mmoja tu, ung'ae,
ndiyo maana suruali yake nyeupe ina doa jekundu.
Halafu nikanyamaza.
Sikioni mwangu Sauda hakusema neno.
Bega likainuka lenyewe, bila ruhusa yangu,
likazunguka na la yule mtoto.

Mafiga yalianguka yote matatu.
Nilipiga kelele gani, sikumbuki.

Usiku nikapita kwa mama, Duga.
Redio ilikuwa juu ya gunia la mkaa, bado ya moto.
Mama, aliyefua nguo zangu nyeupe miaka yote ile,
ndimu, majivu, jua, ndimu tena,
na lile wekundu likigoma kutoka.
Hakuuliza nani kashinda.
Alinipakulia, akakaa, akaniangalia paja.

"Kumbe ulikuwa unaupangusa mpira," akasema.
"Mimi nilidhani unaanguka."